Yaya wetu wa namba 11: timu imsajili tena mchezaji aliyezeeka?

Mwanzoni mwa msimu uliopita komite ya timu yetu ya mtaa, hapa Nyamianda, ilikaa barazani kwa mweka hazina toka saa kumi na moja za jioni mpaka karibu saa nne za usiku, juu ya jina moja tu. Umeme ulikuwa umeenda, tukawasha tochi ya simu tukaitegemeza kwenye bidoo la maji. Pesa iliyobaki ilitosha kulipia lisansi ya mchezaji mmoja. Majina yalikuwa mawili. La kwanza ni la winga wetu wa kushoto, ambaye sisi wote tunamwita yaya, maana wengi wetu alitukuta tungali tunacheza na mpira wa makaratasi, na sasa ameingia miaka 38. La pili ni la kijana wa miaka 17 anayecheza nafasi ileile.

Mimi ndiye katibu. Walinipa kaye juu nilisoma historia, na hapa kwetu mtu akishapata lisansi ya chuo kikuu wanafikiri anaweza kuandika kila kitu. (Neno ni moja, lisansi: ya kwangu iko kabatini na haijaniletea kazi, ya yaya ndiyo watu walikuwa wanaigombania.) Ile usiku sikusema mambo mengi. Nilirudi nyumbani, nikakosa usingizi, nikaanza kujiuliza kama mtu wa historia: hili swali wengine walishalijibu vipi? Na majibu yao yaliwafikisha wapi? Hiki ninachoandika kilizaliwa usiku ule, na wengine wenu mlioko kwenye komite za mtaa mtakitumia au mtakipinga, sawa tu.

Tuanze na mtu wa ng'ambo hapo, ambaye jina lake halihitaji maelezo kwa yeyote anayekaa kati ya Kavimvira na Kalundu. Saidi Ntibazonkiza, Saido, alizaliwa Bujumbura tarehe 1 Mei 1987. Alitoka Vital'O akiwa kijana mdogo, akaenda Uholanzi kuchezea NEC ya Nijmegen, halafu Cracovia ya Poland, halafu Uturuki, halafu Caen ya Ufaransa. Ni safari ndefu kwa mtoto wa kando ya Tanganyika. Aliporudi ukanda huu alikuwa amevuka miaka 30, na mwaka 2020 Yanga ya Dar es Salaam ikamchukua. Watu walisema yaleyale wanayosema kila siku: Ulaya wamemmaliza, sasa anakuja kula pensheni kwetu.

Yanga ilikaa naye mpaka Mei 2022. Mkataba ukaisha, hawakuuongeza. Alikuwa ametimiza miaka 35. Msimu huohuo Yanga ilichukua ubingwa wa Tanzania bila kufungwa hata mchezo mmoja, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kulia juu ya mzee mmoja anayeondoka. Saido akaenda Geita Gold, timu ya mji wa machimbo, mbali na kelele za Kariakoo. Kwa desturi ya mpira wetu, mchezaji wa miaka 35 akishuka hivyo hapandi tena.

Yeye alipanda. Desemba 2022 Simba, wapinzani wakubwa wa Yanga, wakamsajili katikati ya msimu. Mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Tanzania Prisons, Simba ilishinda 7-1 naye akafunga matatu. John Bocco, mzee mwenzake, naye matatu. Juni 2023 alifunga matano peke yake dhidi ya Polisi Tanzania. Msimu ulipofungwa alikuwa na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga, mtoto wa Mbuji-Mayi. Nakumbuka vizuri kwenye kibanda cha kuangalia mpira: nusu ya watu walikuwa wanashangilia Mkongomani, nusu Mrundi, na wote walikuwa majirani wa mtaa mmoja.

Hapa ndipo watu wengi wanafungia hadithi. "Unaona? Yanga walikosea. Mzee ni dawa." Yaya wetu alikuwa na mawakili wawili kwenye komite, na wote wawili walileta Saido kama ushahidi.

Lakini tuangalie kwa utulivu. Yanga walimwacha Saido, na msimu uliofuata wakachukua ubingwa tena. Na uliofuata tena. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa na USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Kwa hiyo Saido alikuwa bado mzuri, na Yanga hawakuharibikiwa kwa kumwacha. Mambo mawili hayo yanakaa pamoja bila kugombana. Sisi wapenzi wa mpira tunapenda hukumu iwe na mshindi mmoja: ama mchezaji alionewa, ama timu ilikuwa na akili. Historia haiko na haraka hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho mawakili wa yaya hawakukitaja. Mwaka huohuo wa 2022, Simba nao waliachana na mshambuliaji wa miaka 35: Meddie Kagere wa Rwanda, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, mabao 23 mwaka 2019 na 22 mwaka 2020. Naye alipata timu nyingine, akaenda Singida. Aliendelea kucheza kwa heshima, lakini zile namba hazikurudi. Wachezaji wawili, umri mmoja, mwaka mmoja, timu mbili zinazoangaliana barabarani, uamuzi uleule. Mmoja akawa mfungaji bora, mwingine akafifia polepole. Mei 2022 hakuna mtu aliyekuwa na karatasi inayoonyesha nani atakuwa nani. Tunayajua sasa. Komite inakaa kabla, na hiyo ndiyo shida yake.

Na mwisho wa Saido kule Simba? Msimu wa 2023/24 alikuwa bado miongoni mwa wafungaji wao wakuu, ingawa baadhi ya mabao yalitoka kwenye penalti. Simba walimaliza wa tatu. Katikati ya 2024, akiwa na miaka 37, waliagana naye, wakaagana na Bocco pia, wakaanza kujenga upya na damu changa, akiwemo winga wetu Mkongomani Ellie Mpanzu. Msimu uliofuata Simba hao wapya wakafika fainali ya Shirikisho, wakafungwa na Berkane ya Morocco. Mtu ambaye Desemba 2022 alikuwa jibu, miezi kumi na minane baadaye alikuwa swali. Hakubadilika sana yeye. Kilichobadilika ni kile timu ilichokuwa inatafuta: kwanza walitaka mabao ya kesho asubuhi, baadaye wakataka timu ya miaka mitatu.

Niliposoma hayo nilianza kuona kwamba sisi barazani tulikuwa tunauliza "ana miaka mingapi?" wakati hatukuwa tumejiuliza sisi wenyewe tunataka nini msimu huu. Kubaki daraja? Kupanda? Kukuza watoto? Hakuna aliyesema. Kila mmoja alikuwa na jibu lake kichwani na alidhani ndilo la wote.

Turudi nyuma kidogo, maana ukitaja mzee kwenye mpira wa Afrika bila Roger Milla watu watakudai. Milla alizaliwa Mei 1952. Mwaka 1990 alikuwa anacheza kisiwa cha Réunion, mpira wa kupumzikia, wakati Rais Paul Biya alipoingilia ili arudishwe kwenye timu ya Kamerun iliyokuwa inaenda Italia. Miaka 38, umri wa yaya wetu kabisa. Alifunga mawili dhidi ya Romania, mawili dhidi ya Kolombia, na Kamerun ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Yale mabao kila mtu anayajua, na kile kiuno alichokatia kwenye kibendera cha kona pia. Ambacho watu hawakumbuki ni kwamba Milla hakuanza hata mchezo mmoja kule Italia. Kila mara aliingia kutoka benchi, mabeki wakiwa wameshachoka na yeye bado mzima. Walichukua dakika zake nzuri, hawakumuomba dakika tisini.

Halafu 1994 wakamwita tena. Miaka 42. Alifunga dhidi ya Urusi, na mpaka leo ndiye mtu mzee kuliko wote aliyewahi kufunga kwenye Kombe la Dunia. Rekodi nzuri sana kwa kuwasimulia watoto. Mchezo wenyewe uliisha 6-1 kwa Urusi, na Salenko peke yake alifunga matano. Kamerun ilirudi nyumbani bila kushinda mchezo wowote. Sisemi ni juu ya Milla; timu ile ilikuwa na matatizo mengi kuliko mguu wa mzee mmoja. Nasema tu kwamba kumrudisha mara ya kwanza kulikuwa na hesabu ndani yake, na mara ya pili kulikuwa na kumbukumbu zaidi ya hesabu.

Hapa kwetu Kongo tunao mfano wa Mazembe. Trésor Mputu alikuwa roho ya timu ile, mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara mwaka 2009. Mwaka 2010 FIFA ikamfungia mwaka mzima baada ya vurugu kwenye Kombe la Kagame kule Rwanda, na ndiyo maana Desemba 2010 Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya dunia kwa klabu, Mputu hakuwepo. Fikiria hiyo. Siku kubwa kuliko zote za klabu yako, na unaiangalia kwenye televisheni. Mwaka 2015 Mazembe wakachukua tena Ligi ya Mabingwa ya Afrika, yeye akiwa Angola, na kina Mbwana Samatta ndio waliofunga. Timu ilikuwa imeshaonyesha mara mbili kwamba inaweza bila yeye. Hata hivyo baadaye ilimrudisha nyumbani, akiwa amefikisha miaka 30. Kwa hesabu kavu hawakumhitaji. Lakini Lubumbashi ilimtaka, na kutaka nako ni sababu, hata kama wahasibu hawana safu ya kuiandika.

Mtu mmoja kwenye komite alimleta Kidiaba: "Mbona Kidiaba alidaka CAN 2015 akiwa na miaka 39, na tukachukua nafasi ya tatu?" Nilimjibu kwamba kipa na winga si wanyama wa kabila moja. Kipa anazeeka kama mti, winga anazeeka kama betri. Walicheka, ila hoja yake haikufa. Hata winga akipoteza mbio anabaki na macho. Yaya wetu hakimbii tena kama zamani, lakini krosi yake ya mguu wa kushoto bado inaanguka pale anapotaka yeye, siyo pale upepo wa ziwa unapotaka.

Sasa nifungue mabano marefu kidogo, ya kihistoria kabisa. Hili swali letu, "tumsajili tena?", lenyewe ni jipya. Kwa miaka mingi timu haikuhitaji kuuliza, maana mchezaji alikuwa mali yake. Kule Marekani, kwenye besiboli, timu ilikuwa inamshika mchezaji hata baada ya mkataba kuisha. Curt Flood wa St. Louis, mchezaji wa uwanja wa nje, aliuzwa Philadelphia mwaka 1969 kama mtu anavyouza baiskeli, akakataa, akaenda mahakamani. Alikuwa na miaka 31. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ikamwambia ameshindwa, na maisha yake ya mpira yakawa yameshaharibika. Waliokuja nyuma yake ndio waliofaidi. Ulaya ilisubiri mpaka 15 Desemba 1995, pale mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipompa haki Mbelgiji Jean-Marc Bosman, ambaye klabu yake ya Liège ilikuwa imemzuia kwenda Ufaransa huku mkataba wake ukiwa umeisha. Naye alishinda kesi akiwa ameshapoteza kazi.

Na sisi? Sisi hatukuhitaji klabu kutufunga, nchi nzima ilitufunga. Mobutu aliwaita nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, na kwa timu iliyojengwa hivyo tukachukua kombe la Afrika 1968 kule Addis Ababa, bao 1-0 dhidi ya Ghana, mfungaji Pierre Kalala. Kisha mlango ukafungwa: mchezaji wa Zaïre hakuruhusiwa kwenda kucheza nje. Kizazi cha 1974, kizuri kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo, kilizeeka ndani ya uzio.

Ndani ya kizazi kile kuna mtu mmoja ambaye, kwa maoni yangu, ndiye anayepaswa kukaa kwenye meza ya kila komite inayojadili mchezaji mzee. Ndaye Mulamba. Mwaka 1974 kule Misri alifunga mabao tisa kwenye Kombe la Afrika moja. Tisa! Mpaka leo hakuna aliyemfikia. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, tukashinda 2-0, na mabao yote manne ni ya kwake. Miezi michache baadaye ikaja Kombe la Dunia Ujerumani, na zile 9-0 za Yugoslavia ambazo Wazungu wanazisimulia wakicheka. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Zilipotelea mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao.

Mwaka 1994 Ndaye aliheshimiwa kwenye CAN ya Tunisia. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Mguu ule. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya chini kule Cape Town. Mwaka 1998, kwenye CAN ya Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kumwombolezea kwa sababu habari zilisema amekufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa hai, maskini, hatambuliwi na wanaopita. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg.

Ndaye hakuna aliyemwomba acheze tena. Kisa chake kinatuonyesha jambo tofauti: kwa nini komite zetu zinashindwa kumwambia mzee "asante, imetosha". Kwa wenzetu kuna mshahara, bima, akiba. Kwetu mchezaji akitoka kwenye orodha anatoka kwenye kila kitu: hapewi nauli, hapewi sukari ya Noeli, akiugua hakuna anayepitisha kofia. Orodha ndiyo pensheni yake. Kwa hiyo tunapokaa kuamua nani acheze winga ya kushoto, kumbe tunaamua pia kama tutaendelea kumkumbuka mtu. Maswali mawili tumeyatia kwenye sufuria moja, na hakuna hata moja linaloiva.

Ndipo nilipofungua kaye za zamani, za makatibu walionitangulia. Nilikuwa natafuta mwaka yaya alipojiunga. Nikakuta kitu kingine, kwenye ukurasa uliolowa maji mwaka ule Mulongwe ilipofurika, 2020. Mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: safari ya Baraka, gari limekodiwa, dola 90, zimetolewa na, halafu jina la yaya. Pembeni: tutamrudishia. Hakuna mstari mwingine wa kuonyesha kwamba zilirudishwa. Nilimuuliza mweka hazina. Akakohoa, akasema, "Bwana katibu, ile deni tunalijuaka sisi wote. Ila yeye hajawahi kutudai, na sisi tunamulipiaka lisansi kila mwaka. Si ni kama tumemulipa?"

Kama tumemulipa. Niliandika maneno hayo nyuma ya kaye ili nisiyasahau.

Kwenye kikao cha pili niliomba nafasi ya kusema, na kabla ya kusema chochote ilibidi niseme jambo ambalo ninyi pia ni haki yenu kulijua, hata kama nimechelewa: yule kijana wa miaka 17 ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Kwa hiyo kila mnachosoma hapa mkipime na hilo. Mwenyekiti alitaka nitoke nje wakati wa kupiga kura. Nilimwambia nitatoka, lakini hoja niliweke kwanza.

Hoja yangu ilikuwa fupi kuliko makala hii. Kwanza, tulipe dola 90, tuziandike leo kama deni, awamu tatu, bila kujali kura itaendaje. Deni si lisansi na lisansi si deni. Pili, tukishalitoa deni mezani, tuulize swali la mpira peke yake: msimu huu tunataka nini? Tukisema tunataka kubaki daraja basi, mimi mwenyewe nasema yaya asajiliwe, aingie dakika ya 65, apige krosi, kama Milla wa 1990. Tukisema tunataka timu ya miaka mitatu, basi nafasi ni ya kijana. Lakini tusimsajili yaya ili tusione aibu ya dola 90.

Mzee mmoja wa komite, mvuvi, hakupenda. Alisema kitu ambacho mpaka leo sijapata jibu lake zuri. "Katibu, wewe unatenganisha mambo kwenye karatasi. Mtu hatenganiki. Ukimulipa deni lake na kumufuta siku moja, yeye atasikia tu neno la kufuta." Watu wakanyamaza. Nilijaribu kusema kitu juu ya Ndaye, kwamba nchi ilimpenda kwa mdomo ikamnyima haki yake, na afadhali tumpe yaya haki yake hata tukimnyima nafasi. Mvuvi akatikisa kichwa: "Ndaye hawakumupa hata kimoja. Sisi tunaweza kumupa vyote viwili, ni lisansi moja tu." Nikatoka nje nikiwa sina uhakika kama nilivyoingia.

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Yaya hakusajiliwa.

Nilitumwa mimi kumpelekea habari, pamoja na dola 30 za awamu ya kwanza. Nilimkuta mwaloni anahesabu mabeseni ya ndagala na mke wake. Nilikuwa nimeandaa maneno kama mtu anayekwenda kutetea mémoire. Hakunipa nafasi. Alichukua pesa, akauliza, "Hizi ni za nini?" Nikamwambia ni za Baraka. Alitazama ziwa muda kidogo, akasema, "Kumbe mulikuwa mnakumbuka." Halafu akaniuliza nani anachukua namba 11. Nikamwambia. Akacheka kwa sauti, akasema anajua ni mdogo wangu, mtaa mzima unajua, na kwamba yule kijana anakimbia vizuri lakini hatazami kabla hajapokea mpira, nimwambie atazame.

Wiki mbili baadaye timu moja ya upande wa Kalundu ilimsajili. Sikushangaa sana, nilishasoma hadithi ya Geita. Anaingia kipindi cha pili. Mpaka tunavyoandika haya amefunga mawili, na moja lilikuwa la kona ya moja kwa moja, ambayo watu wanasema ni upepo na yeye anasema siyo upepo. Mdogo wangu amefunga moja na amepoteza mipira ambayo sitaki kuihesabu hapa.

Timu yetu iko katikati ya msimamo. Jumapili ijayo tunacheza na hao wa Kalundu. Mvuvi ameniambia ataketi upande wao wa uwanja, na sijui kama anatania. Dola 30 za awamu ya pili zilitoka mwezi uliopita, niliziandika kwenye kaye na yaya akatia sahihi. Za awamu ya tatu bado.